SOMO LA 23: SAUTI ZA KINYWA CHETU

Watoto, wekeni kidole kooni. Semeni: zzzz. Sasa semeni: ssss. Mmeona nini? Kwa z koo latetemeka. Kwa s latulia. Ulimi na meno havikuhama.

Sauti huanzia mapafuni. Pumzi hupanda kooni na kupita kati ya nyuzi mbili ndogo. Nyuzi zikikaribiana, hutetemeka, nasi twasikia z au v. Zikiachana, twasikia s au f. Kisha midomo, meno na ulimi hufanya kazi yake. Kwa p na m twafunga midomo, lakini kwa m pumzi hutoka puani. Zibeni pua mseme m: yakatika mara moja.

Mungu amewapa watu wote viungo vile vile, lakini kila lugha huchagua sauti zake. Wasandawe na Wahadza wa Tanzania hubandika ulimi kaakaani na kuuachia ghafula. Kwao mlio huo ni sauti ya maneno, kama p na t kwetu.

Sasa tuje kwetu Kalunguta, katika njia ya Butembo na Beni. Kiswahili kina vokali tano. Kinande kina saba, maana kina i mbili na u mbili. Semeni erihuma, ndiyo kupiga. Kisha erihuka, ndiyo kupika. Mara nyingi twaziandika kwa u moja, lakini sikio la Mnande huzitenga. Katika erihuka shina la ulimi husogea mbele na koo hupanuka. Hata i ya eri- hubadilika pamoja nayo. Vokali hizo hupatana kama watu wanaobeba gogo moja.

Mtoto mmoja, ambaye kwao husema Kiswahili tu, alijaribu maneno hayo mawili. Akayasema kwa u ile ile. Darasa likacheka, naye akainama, akakataa kusema tena. Mwalimu hakugomba. Aliandika ubaoni maneno mawili ya Kifaransa: rue, yaani njia, na roue, yaani gurudumu. Akawaita waliocheka, mmoja mmoja. Wote wakasema: ru, ru. Darasa likanyamaza.

Huo si ujinga. Mtoto mchanga, katika miezi sita ya kwanza, husikia tofauti nyingi za sauti, hata za lugha asiyoisikia nyumbani. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, sikio lake huanza kushika za nyumbani na kuziacha nyingine. Basi sikio hufundishwa; nalo laweza kufundishwa tena, kwa kusikiliza na kurudia.

Anayecheka ulimi wa mwenzake humfunga kinywa. Anayemrudilia neno polepole humfungulia.

Maswali
1. Sema f, kisha v. Ipi yatetemesha koo?
2. Kinande chapita Kiswahili kwa vokali ngapi?
3. Kwa nini darasa lilinyamaza?
4. Mfundishe mwenzako neno moja la kwenu, naye akufundishe la kwao.