Kupunguza au kuacha? Neno kwa wadogo zangu wanaofuga nywele

Wadogo zangu wa kiume, leo kona hii ni yenu. Najua huwa mnaisoma kwa kuibia, mtu akipita mnafunua ukurasa wa michezo. Safari hii swali limetoka kwenu, na mnaouliza mko wengi: nafuga nywele, zimefika pale zisipoeleweka, si fupi wala si ndefu, na kinyozi ananiambia nipunguze kidogo ndipo zirefuke. Dada, nipunguze au niache?

Kwa sababu hiyo aliyokupa kinyozi, usipunguze. Zipo sababu nyingine za kushika mkasi, na mojawapo nitaitetea hapa hadi mwisho, lakini hiyo ya "zikatwe ndipo zikue" tuitoe njiani kwanza.

Watu wanadhani nywele ni michongoma ya uani, ukiifyeka inatoa machipukizi. Mchongoma una uhai mpaka nchani. Unywele ulio hai ni ule uliofukiwa kwenye ngozi ya kichwa, kule chini kwenye shina ambako damu inafika. Huu tunaouona nje umeshakufa, ndiyo maana ukikatwa husikii maumivu. Mkasi ukipita nchani, shina halina hata habari. Linaendelea na kasi yake ileile.

Na kasi yenyewe si ya kuchezea. Nywele zetu za kipilipili hurefuka, kwa wastani, kama sentimita 0.8 kwa mwezi. Za singa hukaribia 1.2. Kwa hiyo wewe kwa mwaka mzima unategemea sentimita 10 hivi, na hapo mambo yawe yameenda vizuri. Sasa piga hesabu. Kinyozi akikuondolea sentimita 1 kila mwezi, "kidogo tu, bosi", Desemba itakukuta palepale ulipokuwa Januari, au nyuma yake. Akikuondolea sentimita hiyo kila baada ya miezi minne, umempa 3 na wewe umebaki na 7. Vijana wengi wanaolalamika kwamba nywele zao hazikui, zinakua vizuri sana. Zinaishia sakafuni pa kinyozi, na wamelipia.

Jambo jingine linalowakatisha tamaa ni kioo. Nywele za kipilipili hujikunja, na zikikauka zenyewe baada ya kuoshwa zinaweza kuonekana nusu ya urefu wake au pungufu. Unaosha Jumamosi, Jumapili unajiona umerudi nyuma miezi mitatu, unakimbilia mashine. Acha. Chukua unywele mmoja wa utosini, uvute taratibu mpaka unyooke, upime kwa rula, uandike. Baada ya miezi mitatu pima tena, utosini palepale, maana kisogo na utosi si lazima viende sawa.

Sasa tuje kwenye mkasi wenye maana. Ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote kichwani kwako. Kama nywele zimefika sentimita 20, ile ya nchani imekaa nje kama miaka miwili. Imeoshwa, imechanwa, imelaliwa, imepigwa jua, na mafuta ya asili ya ngozi hayaifikii kwa sababu ya ile mikunjo yote njiani. Ndiyo inayochoka na kupasuka. Ikishapasuka haiungwi na kitu, muuzaji wa mafuta aape apendavyo. Mpasuko hupanda juu, na mwisho unywele unakatika mahali ambapo hukupanga. Hapo ndipo kutoa sentimita 1 leo kunakuokolea 3 au 4 baadaye.

Utajuaje kama umefika huko? Usitumie kalenda, wala usitumie ushauri wa rafiki mwenye kipara. Siku ya kuosha, kaa penye mwanga mzuri, tandaza taulo jeupe mapajani, chana taratibu, kisha tazama kilichoanguka. Unywele mrefu wenye kijitone cheupe upande mmoja umetoka na shina lake. Muda wake ulikuwa umekwisha. Mtu huangusha kama 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku, kwa hiyo kama ulisuka ukakaa wiki mbili bila kufumua, utaona bonge zima na utashtuka bure. Cha kukutia wasiwasi ni vipande: vifupi, vya urefu usiolingana, visivyo na kijitone upande wowote. Hivyo vimekatika.

Vikiwa vingi, shika fungu dogo la nywele, lipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka shinani kwenda nchani. Vidole vikiteleza mpaka mwisho, ncha ni nzima, weka mkasi chini. Vikikwama sentimita ile ya mwisho, geukia mwangani uangalie. Utaona unywele umegawanyika mara mbili, au umejifunga kifundo kidogo mno, mdogo wangu, ambacho hakifunguki hata kwa sindano. Vifundo hivyo ni vya kawaida kwa nywele zetu. Kata juu yake kidogo, basi. Huna haja ya kukata kichwa kizima kwa sababu ya nywele kumi.

Na ukikata, tumia mkasi wa nywele. Wa karatasi na wa jikoni ni butu kwa kazi hii, hutafuna unywele na kuacha mpasuko mwingine palepale. Nyoosha nywele kwanza: usiku zisuke mabutu, asubuhi fumua, halafu punguza ncha za fungu moja moja. Kisogoni mwombe dada yako akushikie. Atakucheka, lakini atakusaidia.

Ile sababu niliyosema nitaitetea ni ya umbo. Katika miezi ya mwanzo pembeni hufura, kichwa kinapanuka juu ya masikio, utosi nao bado haujanyanyuka. Una kazi, una wakwe, una mama anayekutazama mezani na kuuliza kama umefilisika. Wengi hunyoa zote hapa, kwa hasira ya siku moja. Kupunguza pembeni hakurefushi kitu, lakini kunakuvusha. Mimi naona ni sababu halali kabisa, na anayekuambia "ukifuga usiguse kamwe" hajui unavyoishi.

Ila namna ya kumwambia kinyozi ndiyo kazi. Maneno "punguza kidogo" yafute mdomoni, kwa sababu kidogo ya kinyozi na kidogo yako hazijawahi kukutana. Sema kabla mashine haijawashwa: safisha kisogoni, zunguka masikio, juu usiguse. Kama ni ncha za juu, mwonyeshe kwa kidole kiasi unachotaka kitoke, nusu ya ukucha, na aanze na fungu moja ulione kwenye kioo kabla hajaendelea. Spiriti ya kusafishia mashine idai bila aibu. Na kama una tabia ya kutokwa na vipele vigumu kisogoni, mashine isigandamizwe kwenye ngozi, iache nywele kidogo. Vipele vile vikizoeleka huwa makovu, na kovu halioti nywele. Utakuwa unafuga juu huku chini unapoteza.

Kwa vijana Waislamu, maana na ninyi mmeuliza: nywele ndefu kwa mwanamume si jambo geni kwenye dini. Zimepokewa hadithi zinazoeleza nywele za Mtume kufika masikioni, na nyingine mabegani. Lililokatazwa ni kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha nyingine. Kwa hiyo pembeni punguza kwa mkasi, usikombe hadi ngozi, na ukiwa na shaka muulize ustadhi wako mapema, usisubiri akuone na kiduku Ijumaa. Na kwa wale wanaosema nywele ndefu ni uigaji wa Wazungu, morani wa Kimasai hufuga nywele zake ndefu, akazisuka na kuzipaka udongo mwekundu, na kwenye sherehe ya Eunoto mama yake ndiye humnyoa. Hakuna Mzungu aliyemfundisha.

Kabla hujakata, lakini, jiulize kinachozikata nywele ni nini, la sivyo utapunguza kila mwezi na vipande havitaisha. Wewe wa bodaboda, helmeti inasugua utosi na kisogo kutwa nzima. Vaa kitambaa cha satini ndani. Wewe wa Dar unayeogea maji ya kisima, mengi yana chumvi, na chumvi huacha nywele kavu na ngumu. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua, hata ndoo ndogo inatosha. Wewe unayechana nywele kavu kwa kitana cha meno membamba huku daladala inakusubiri, huo ndio ugonjwa wenyewe. Lowesha, paka kondishena, chukua chanuo la meno mapana, anza nchani ukipanda kuelekea shinani. Foronya ya satini nayo si ya wanawake peke yao.

Blichi sina maneno matamu nayo. Inadhoofisha unywele wenyewe, na nywele za kipilipili zilikuwa dhaifu kwenye mikunjo tangu mwanzo. Chagua rangi au chagua urefu. Na dawa za kubadili mikunjo ni hivyohivyo: baba zenu walipaka kalikiti miaka ya 1980, foronya za wakati huo zingeweza kutoa ushahidi, na wengi waliishia kunyoa.

Misuko inalinda ncha, hilo ni kweli, lakini mistari ikibana hadi usiku hulali, fumua. Kichwa kinachouma hakipendezi, kinavutwa. Panja za mwanamume hurudi nyuma zenyewe umri ukienda, usizisukume. Ukiona mabaka ya duara yenye magamba na nywele hazipo, hayo yanaweza kuwa mapunye, na mapunye ya kichwani hutaka dawa ya kumeza kutoka hospitali. Mkasi hauwezi kitu hapo, na mafuta ya nazi hayawezi pia.

Wa rasta mko kundi lenu. Ncha za rasta zimejifunga ndani, hazina haja ya kupunguzwa mara kwa mara, na rasta changa ikikatwa ncha inaweza kufumuka. Ninyi chungeni shinani. Rasta ikianza kuwa nyembamba karibu na ngozi, punguza kuisokota na kuifunga kwa nguvu.

Mnaoniuliza ni kila baada ya miezi mingapi, siwapi namba. Pima kila baada ya miezi mitatu, pitisha vidole, angalia taulo. Pengine utakata mara moja kwa mwaka, pengine mara tatu, inategemea unavyozitunza. Atakayeona vipande kwenye taulo aniandikie, na anitajie anachana na nini na anaosha kwa maji gani kabla hajaniuliza habari ya mkasi.

Na ninyi vinyozi mnaosoma kona hii mkisubiri wateja: mtu akisema juu usiguse, tafadhali, juu msiguse.