Darubini Juu ya Bunduki ya Zamani: Somo kwa Mkulima Mwenye Cheti

Mwezi uliopita mkulima mmoja wa skimu alishuka Kibera, kijiji cha Soweto West, akiwa na kisanduku kidogo mkononi. Ndani yake mlikuwa na darubini ya kulengea na pete zake mbili. Bunduki yenyewe, ya zamani ya kuwindia, alikuwa ameiacha nyumbani ndani ya sanduku la chuma. Alimtaka jirani yangu, fundi wa jua kali atengenezaye majiko na madirisha, amtobolee matundu manne juu ya bunduki hiyo siku atakapoileta. Fundi alikataa. Alisema kwamba chuma cha dirisha akikiharibu hukata kingine, lakini chuma cha bunduki hajui kimepikwa namna gani. Mkulima akaja kwangu, kwa kuwa nafanya kazi katika afisi ya kilimo, kuniuliza kama fundi yule ni mwoga au ni mwenye akili. Jibu langu ni somo hili.

Bunduki si ngeni Kibera. Mwaka 1918 serikali ya wakati ule ilitangaza mahali hapa kuwa ardhi ya jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, na askari wa Kinubi waliostaafu wakapewa ruhusa ya kukaa na kulima. Leo mabati yamesongamana mahali palipokuwa na mashamba, wala hakuna nafasi ya kujaribu risasi hata moja. Hata katika skimu zetu mambo ni hayo hayo: ng'ambo ya ua kuna jirani, na watoto wake wanachota maji.

KWANZA: SHERIA

Mwenye bunduki lazima awe na cheti kilicho hai, na bunduki itumike kwa kazi iliyoandikwa katika cheti hicho tu. Kumkabidhi bunduki mtu asiye na cheti ni kosa. Kazi ya kutengeneza bunduki ni ya fundi au mfanyabiashara wa silaha aliyeandikishwa. Kwa hiyo jirani yangu, hata kama angalijua kazi, asingeruhusiwa kuifanya.

Tena ikumbukwe kwamba uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Mei 1977, na Sheria ya Wanyama wa Porini ya mwaka 2013 inakataza pia kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Darubini haifungui mlango huo. Nyati au tembo akiingia katika mahindi, apelekewe habari askari wa KWS.

PILI: IJUE BUNDUKI YAKO

Bunduki nyingi za kuvuta bolti kwa mkono ziliundwa kabla ya watu kuzoea darubini. Ziliundwa kwa jicho la chuma la nyuma na la mbele. Kwa hiyo usidhani kila moja inakubali darubini vile vile.

Tazama Mauser ya mwaka 1898, ambayo bunduki nyingi za kuwindia zilifuata mfano wake. Katika nyingi za zamani, mkono wa bolti ukiinuliwa husimama na kugonga darubini, na kifungio cha usalama kilicho nyuma ya bolti hupinduka kwa juu na kuzuiwa nayo. Basi mkono hauna budi kukunjwa chini, na kifungio kubadilishwa kiwe cha pembeni. Kukunja huko kunataka moto, na hapo ndipo hatari ilipo. Mbele ya bolti kuna meno yanayofunga risasi isirudi nyuma. Moto ukifika kwenye meno hayo, ugumu wao hupotea, na siku moja uso wako ndio utakaolipa. Fundi ajuaye huyakinga meno hayo yasipate joto. Tena ngozi ya juu ya chuma cha Mauser yaweza kuwa ngumu hata keekee ya kawaida isiitoboe, bali iteleze na kupotoka.

Lee-Enfield, bunduki ya .303 iliyobebwa na askari wa Keya, ina shida nyingine. Juu yake kuna daraja la chuma la kupitishia risasi, nalo huzuia darubini kukaa chini katikati. Waingereza walipotaka bunduki za walenga shabaha wakati wa Vita Kuu ya Pili, walichagua zile za Namba 4 zilizopiga vizuri, wakazipeleka kwa mafundi wa Holland & Holland. Hao walifunga tandiko la darubini ubavuni, upande wa kushoto, wakaongeza kipande cha mbao juu ya kitako ili shavu lipate mahali pa kuegemea, maana darubini hukaa juu kuliko jicho la chuma. Kisha namba ya darubini ilipigwa katika mbao za bunduki ile ile, ili zisitenganishwe. Walijua kwamba darubini iliyolinganishwa na bunduki moja si sawa kwa nyingine.

Kabla ya yote, tazama ndani ya mtutu. Risasi nyingi za zamani za .303 zilikuwa na baruti ya kuwashia iliyoacha chumvi ndani, na chumvi huleta kutu. Mtutu ukiliwa na kutu, darubini haitauponya. Darubini hulisaidia jicho tu.

TATU: KAZI INAVYOFANYWA

Hata kama kazi ni ya fundi, mwenye mali ajue hatua zake, apate kuikagua.

1. Bunduki huondolewa risasi zote, na chemba hutazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole.

2. Afadhali tandiko linaloshika matundu yaliyopo kuliko kutoboa mapya. Tundu likitobolewa halizibiki likawa kama mwanzo. Kama ni bunduki ya kale yenye thamani, huenda ni bora kuiacha kama ilivyo.

3. Matundu na skrubu husafishwa mafuta yote, kwa maana skrubu yenye mafuta hulegea. Skrubu isiwe ndefu hata ikagusa bolti au mtutu. Bolti ikianza kuwa nzito baada ya tandiko kufungwa, sababu huenda ni hiyo.

4. Pete za darubini hukazwa kidogo kidogo, huku na huku, kama mtu akazavyo nati za gurudumu. Nafasi za pande mbili ziwe sawa. Zikikazwa kwa nguvu kupita kiasi, bomba la darubini hubonyea.

5. Msalaba wa ndani ya darubini usimame wima bunduki inaposimama wima. Pimamaji husaidia hapa.

6. Jicho liwe mbali na kioo kwa inchi 3 au zaidi kidogo. Bunduki hupiga teke kila inapolia, na darubini iliyo karibu mno hupasua nyusi.

NNE: KULINGANISHA

Darubini hukaa juu ya mtutu kwa inchi moja na nusu hivi. Jicho hupita njia moja na risasi hupita nyingine, na kazi yetu ni kuzikutanisha. Fikiri maji yatokayo katika mpira wa bustani: ukitaka yafike kwenye mche ulio mbali, huelekeza mdomo juu kidogo. Risasi nayo huanza kuanguka mara itokapo mtutuni.

Bunduki ya bolti ina faida moja hapa. Bolti hutolewa yote, bunduki huwekwa juu ya mifuko ya mchanga, na mtu huchungulia ndani ya mtutu toka nyuma mpaka aone alama iliyo mbali. Bila kuitikisa bunduki, vifundo vya darubini huzungushwa mpaka msalaba nao ukae juu ya alama ile ile. Hii ni njia ya kukaribia tu. Kisha hupigwa risasi, katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, kwanza yadi 25, halafu yadi 100.

Kwa darubini nyingi, mlio mmoja wa kifundo huhamisha risasi robo inchi katika yadi 100. Risasi zikipiga chini kwa inchi 3, zungusha milio 12 kuelekea juu. Katika yadi 25 mlio huo huo huhamisha robo ya robo tu, hivyo inchi moja hutaka milio 16.

Piga risasi tatu, ndipo utazame katikati yao. Zikitawanyika ovyo, usiguse kifundo. Rudi kwenye skrubu, kisha mtutu. Wengi hupoteza sanduku zima la risasi wakifukuza kosa ambalo haliko katika darubini.

TANO: JICHO JEMBAMBA

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Darubini huleta mbali karibu, lakini huficha yaliyo kando. Mtu anayechungulia huona fisi kandoni mwa zizi, asimwone kijana aliyetoka na tochi hatua kumi upande wa kulia. Tena risasi ya .303 yaweza kwenda karibu maili mbili kama haikupata kilima cha kuizuia. Shamba la ekari chache halina maili mbili.

Kwa sababu hiyo, usitumie kamwe darubini ya bunduki kutazama kitu usichokijua ni nini. Mahali unapotazama ndipo mtutu unapoelekea. Tazama kwanza kwa macho yako mawili, ujue ni kitu gani, ujue kilicho nyuma yake na kandoni. Ukiwa na shaka, acha.

Nilipomweleza haya yule mkulima, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba boma lake na la jirani yake hutenganishwa na michongoma tu. Alirudi kwa fundi, akamwagiza mlango wa chuma wa zizi la mbuzi, wenye komeo. Darubini ingali katika kisanduku chake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini moto ni hatari kwa bolti ya Mauser?
2. Risasi zimepiga chini kwa inchi 2 katika yadi 25. Utazungusha milio mingapi?
3. Risasi tatu zimetawanyika. Utagusa nini kwanza?
4. Simama mlangoni pako utazame upande wa zizi. Nyuma ya zizi kuna nini, na nani hukaa huko?