Uvimbe kwenye kope za mtoto: ufanye nini, uache nini

Mtoto akiamka kope zimevimba, ushauri haukosekani uani. Huyu atasema chokea, yule atasema wadudu, na mwingine atakutuma Kariakoo ukanunue matone. Kabla hujatoka mtaani kwako, tuseme Gerezani, Dar es Salaam, utazame vizuri uvimbe wenyewe.

Ni uvimbe gani?

Chokea huanza kwenye shina la unywele wa kope baada ya bakteria kuingia. Panakuwa pekundu, panauma, kisha hutokea kichwa chenye usaha. Mara nyingi hupasuka chenyewe na kupona ndani ya wiki moja au mbili.

Uvimbe mgumu usiouma, wa kadiri ya punje ya choroko, kwa kawaida ni tezi ya mafuta iliyoziba. Huo huweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi.

Utitiri wa kope, Demodex, una urefu wa takriban theluthi moja ya milimita, hivyo hauonekani kwa macho matupu. Watu wazima wengi wanao bila kudhurika. Kwa watoto wadogo ni nadra. Ukiona mayai yameganda kwenye kope, hayo huenda ni ya chawa. Nenda zahanati, na usipake dawa ya wadudu machoni.

Nyumbani

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu. Pima joto lake kwenye kiwiko chako.
3. Mkande jicho likiwa limefumbwa, dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku.
4. Mtengee taulo lake.

Usifanye haya

Usikamue, usaha unaweza kusambaza maambukizi. Usitie maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani. Acha kumpaka wanja: baadhi yake una madini ya risasi. Matone aliyoandikiwa mtu mwingine usimtilie. Yenye steroidi, yakitumika bila daktari, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu uoni.

Hospitali siku hiyo hiyo

- Jicho halifunguki kwa uvimbe, au wekundu unasambaa.
- Ana homa au amelegea.
- Jicho limetokeza, linauma akiligeuza, au haoni vizuri.

Hizo ni dalili kwamba maambukizi huenda yameingia ndani, na hayasubiri kesho.

Uvimbe ukipita mwezi, ukirudi mahali palepale au ukikua haraka, nao unahitaji daktari. Mtoto mdogo bado anajifunza kuona. Uvimbe mkubwa ukilikandamiza au kuliziba jicho, uoni wake unaweza kubaki hafifu. Kutoka Gerezani, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Huduma za kibingwa za macho zipo katika hospitali za Muhimbili na CCBRT, Msasani. Beba dawa zote alizokwisha kutiwa, hata zile za kienyeji, na uzitaje bila kuona haya. Daktari akijua kilichoingia jichoni, hatapoteza muda kubahatisha.