Nafsi ya Tatu na Kinaya katika Mchezo wa Helldivers 2

Ndugu msomaji, usishangae kuona makala ya mchezo wa video katika jarida la Chama cha Kiswahili. Wakati wa mapumziko utawasikia wanafunzi wenzetu wakipiga kelele za "Kwa uhuru! Kwa demokrasia!" huku wakirushiana vifuniko vya chupa kama mabomu. Nimewasikiliza sana, nikaona kwamba yale tunayofundishwa katika sarufi na fasihi yamo mle ndani. Nitaeleza hasa mambo mawili: nafsi na kinaya. Mwishoni kuna zoezi.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wale wasioujua. Helldivers 2 ulitengenezwa na Arrowhead Game Studios ya Stockholm, Uswidi, ukatolewa na Sony mwezi wa Februari 2024. Wachezaji wasiozidi 4 huunda kikosi. Kila mmoja huangushwa kutoka angani ndani ya chombo kilicho kama jeneza la chuma, akatua katika sayari ya mbali. Huko hupigana na wadudu wakubwa waitwao Terminids, roboti waitwao Automatons na, tangu Desemba 2024, viumbe waitwao Illuminate. Anayewatuma ni serikali ya Super Earth, yaani dunia yetu hii ya siku zijazo. Mimi huucheza Jumamosi kwa binamu yangu, maana yeye ndiye mwenye mashine.

Sasa tuje kwenye nafsi. Katika sarufi tunajua nafsi ya kwanza ni mimi na sisi, ya pili ni wewe na nyinyi, ya tatu ni yeye na wao. Michezo ya kupiga risasi nayo hugawanywa vivyo hivyo. Katika nafsi ya kwanza skrini ndiyo macho yako: unaona mikono na bunduki, basi. Katika nafsi ya tatu unamwona askari kwa nyuma, tangu kisogo hadi viatu, joho lake likipepea. Helldivers ya kwanza ya mwaka 2015 ilitazamwa kutoka juu, kama mtu anayetazama ubao wa drafti. Hii ya pili iliteremka ikasimama nyuma ya bega la askari. Akilenga shabaha, mchezaji anaweza kuhamia nafsi ya kwanza, kisha akarudi.

Faida ya nafsi ya tatu katika mchezo wa kikosi ni dhahiri. Unajiona ulivyosimama kati ya wenzako, na hilo ni jambo la lazima kwa sababu risasi za mchezo huu hazichagui. Ukimpiga mwenzako, anakufa. Ukiita ndege idondoshe bomu naye amesimama pale penye mwali mwekundu, anakufa. Kuna bunduki inayojiendesha ambayo huzunguka ikifyatulia adui hata kama wewe umo katikati. Dawa yake ni kulala chini. Hapo ndipo utajua umuhimu wa kiambishi -ni! Binamu yangu akisema "Lala!" kila mtu hudhani anaambiwa mwingine. Akisema "Laleni!" kikosi kizima kiko chini.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Askari akifa, mchezaji hulalamika, "Ai, nimekufa!" Je, ni kweli? Tazama vizuri. Mwenzake hubonyeza mishale ya juu, chini, kulia, kushoto, juu (na wakati wa kubonyeza hawezi kufyatua risasi, kwa hivyo anahatarisha maisha yake), kisha chombo kingine kinashuka kutoka angani. Anayetoka humo si yule aliyekufa. Ni askari mwingine kabisa, pengine hata sauti yake ni tofauti. Yule wa kwanza bado amelala palepale, na huyu mpya anaweza kuokota silaha za marehemu akaendelea na kazi. Kikosi cha watu 4 huanza na nafasi 20 za namna hiyo. Yaani mchezaji anasema "mimi" lakini skrini inasema "yeye", halafu "yeye" mwingine, halafu mwingine. Hakuna anayeuliza jina lake.

Hapo tunaingia katika kinaya. Mwalimu wetu alitufundisha kuwa kinaya ni pale mambo yanapokuwa kinyume cha yanavyotarajiwa au yanavyosemwa. Serikali ya Super Earth inasema inapigania uhuru. Raia wake je? Raia hujibu maswali, kompyuta ikaamua kura yake iende wapi. Mfumo huo umepewa jina tamu la demokrasia inayosimamiwa. Hiyo ni tasfida. Wanaopinga hupelekwa katika kambi za uhuru. Kuna Wizara ya Ukweli. Na wale wadudu wanaoitwa maadui wa uhuru, miili yao hutoa mafuta yaitwayo E-710 ambayo huendesha vyombo vya angani, na serikali yenyewe huwafuga. Chukua karatasi, andika 710, uigeuze juu chini. Utasoma neno la Kiingereza la mafuta.

Kwa hivyo askari wetu anakimbilia kifo akipiga kelele za uhuru, naye ni bidhaa ya bei rahisi kuliko hayo mafuta. Watu wazima husema michezo hii inafundisha vijana ukatili. Mimi naona wanalenga kando kidogo. Mchezo huu unamcheka mtu anayetii bila kuuliza, ila raha yake ni kwamba unakufanya utii bila kuuliza! Mwenzetu anayepiga kelele hizo kwa dhati, bila kusikia kejeli iliyomo, ndiye anayechekwa. Nafsi ya tatu ingemsaidia. Angemtazama yule askari kwa nyuma akasema, huyu si mimi.

Hata hivyo wachezaji hawakuwa vipofu siku zote. Mwezi wa Mei 2024 waliwekewa sayari mbili wachague. Wakiikomboa Choohe, wangepata mabomu ya kutega dhidi ya vifaru. Wakiikomboa Vernen Wells, wangeokoa watoto wagonjwa waliokwama hospitalini. Watoto hao hawakuonekana popote katika skrini, walikuwa maneno matupu ya tangazo, na silaha ilikuwa ya kutumika kweli. Wachezaji walikwenda Vernen Wells. Mabomu wakayakosa kwa wakati huo.

Zoezi
(a) Geuza sentensi hii iwe katika nafsi ya tatu, kisha useme ni nani aliyekufa na ni nani aliyeshinda: "Nilikufa mara tatu lakini nikashinda."
(b) Taja tasfida mbili ulizozisikia katika matangazo ya redio juma hili, na ueleze kila moja inaficha nini.
(c) Tunga amri tatu ambazo kiongozi wa kikosi angewapa wenzake. Chunga kiambishi -ni.

Majibu yabandikwe katika ubao wa chama.