Pumzi na Jiko la Makaa

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapozidi katika nchi za juu za Kenya kama Limuru, Kinangop na Molo, watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani wapate kulala kwa joto. Makaa yamekwisha kushika moto vema, moshi umetoweka, mlango umetiwa komeo, na mwanya wa dirisha umezibwa kwa gunia. Hakuna akohoaye, wala hapana harufu mbaya. Kumbe hatari imo mle ndani pamoja na wenye nyumba, na pengine wakilala hawaamki tena. Majirani hustaajabu, kwa kuwa hawaoni dalili yoyote ya mtu kujitahidi kutoka. Sababu ya jambo hili haifahamiki mpaka ijulikane kwanza jinsi mwili utumiavyo hewa.

Mapafu hayana nguvu ya kujipanua yenyewe. Hufanana na mivukuto ya mhunzi, ambayo haivuti hewa mpaka mkono uifungue. Mkono wa mapafu ni kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya kifua, utenganishao kifua na tumbo. Kiwambo kikijikaza hushuka, mbavu nazo huinuka, nafasi ya kifuani huongezeka, na hewa ya nje huingia. Kikilegea, kifua hurudi na hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kila dakika, na kila mara huvuta kiasi cha nusu lita.

Hewa ipitayo puani hutiwa joto na unyevu, na vumbi hunaswa na vinyweleo. Kisha hushuka katika bomba la koo, ambalo limezungukwa na pete za gegedu lisije likajifunga. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, na kila tawi hugawanyika tena na tena kama mti uliopinduliwa, hata matawi yakawa membamba mno. Mwisho wake ni vifuko vya hewa, vidogo visivyoonekana kwa macho matupu, na hesabu yake ni mamia ya milioni. Kama vingekunjuliwa vyote na kutandazwa chini, vingefunika mahali pa mita za mraba 70 hivi, eneo lipitalo sakafu ya madarasa mengi ya shule.

Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Ukuta utengao hewa na damu, mahali pengi, haufikii unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapo ndipo biashara yenyewe ifanyikapo, wala haihitaji nguvu. Kama vile harufu ya udi uliochomwa chumba kimoja ienezavyo nyumba nzima, ndivyo kila hewa itokavyo mahali ilipo nyingi na kwenda mahali ilipo chache. Oksijeni ni nyingi katika kifuko na chache katika damu iliyotoka mwilini, basi huingia katika damu. Kabonidioksidi, ambayo ni taka ya kazi ya mwili, ni nyingi katika damu, basi huvuka na kutoka nje.

Katika kila sehemu 100 za hewa avutayo mtu, 78 ni naitrojeni, ambayo huingia na kutoka bila kutumika, na 21 ni oksijeni. Hewa atoayo ina oksijeni 16 hivi, na kabonidioksidi 4 hivi. Wale wadhanio ya kuwa pumzi itokayo haina faida yoyote wamekosea. Ndiyo sababu aliyezama majini aweza kuokolewa kwa kupuliziwa kinywani pumzi ya mwenzake.

Oksijeni huchukuliwa na chembe nyekundu za damu. Ndani yake mna kitu kiitwacho hemoglobini, chenye madini ya chuma, nacho hushika oksijeni katika mapafu na kuiachilia mwilini. Chembe huwa karibu na hewa ya kifuko kwa muda usiofikia sekunde moja, na muda huo watosha. Mwenye safura huhema apandapo kilima ingawa mapafu yake ni mazima. Maana mivukuto yafanya kazi, lakini wachukuzi ni wachache.

Sasa, ni nani aamuruye pumzi iongezwe au ipunguzwe? Ni sehemu ya chini ya ubongo, karibu na kisogo. Mwaka 1905 wataalamu wawili wa Oxford, J. S. Haldane na J. G. Priestley, walionyesha ya kuwa sehemu hiyo huongozwa zaidi na wingi wa kabonidioksidi kuliko upungufu wa oksijeni. Mtu abanaye pumzi huona dhiki kwa sababu taka imemzidi. Ni kama bawabu wa ghala ahesabuye mizigo itokayo, asiyetazama sana iingiayo. Kwa kawaida hesabu yake hutosha, kwa kuwa hayo mawili huenda pamoja.

Makaa humdanganya bawabu huyo. Yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hemoglobini huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ishikavyo oksijeni. Nafasi za wachukuzi hujaa mzigo wa bure, na hata oksijeni iliyobaki hushikwa sana isiachiliwe mwilini. Walakini kifua chaendelea kupanda na kushuka, na taka yatoka kama kawaida. Kwa hiyo mtu haoni dhiki ya kukosa pumzi. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu humlegea hata akitaka kuufikia mlango asiweze. Aliye usingizini hata hayo hayajui.

Haldane huyo huyo alichunguza miili ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliokufa katika milipuko ya migodi, na katika taarifa yake ya mwaka 1896 alieleza ya kuwa wengi hawakuuawa na moto bali na hewa hii. Alishauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo, ambao hudhurika upesi kuliko mtu kwa kuwa pumzi zao ni za haraka. Ndiyo asili ya ndege wadogo wa jamii ya chiriku waliochukuliwa migodini katika vitundu. Katika migodi ya Uingereza desturi hiyo ilikoma mwaka 1986, vyombo vya kupimia vilipochukua nafasi yao.

Wako waaminio ya kuwa sufuria ya maji ikiwekwa kando ya jiko huondoa sumu. Haiondoi, maana hewa hii haiyeyuki katika maji ila kidogo mno. Wala majivu yaliyofunika makaa si usalama; kaa lililo jekundu chini yake laendelea kuitoa. Jiko huachwa nje kabla ya kulala, na lipikiwapo ndani, mlango au dirisha huachwa wazi.

Amkutaye mtu amezimia katika chumba cha namna hiyo hufungua mlango na madirisha kwanza, kisha humtoa nje upesi, asikawie mle ndani, maana naye ni wa damu ile ile. Mgonjwa hupelekwa hospitali hata kama ameanza kusema, kwa kuwa sumu haitoki katika damu mara moja. Akivuta hewa ya kawaida, hupita saa 4 au 5 kabla ya nusu yake kutoka; akipewa oksijeni tupu, nusu hiyo hutoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi.