Cherehani Kilichofunikwa Kitambaa

Somo la robo mwaka kwa kamati za parokia na kwa marafiki wanaotutegemeza



Katika nyumba tunazozitembelea Mzinga, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru, mara nyingi mgeni anakiona cherehani kabla hajaketi. Kipo pembeni mwa sebule, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa kroshia, na juu ya kitambaa kuna redio au vikombe vya wageni. Kitambaa kimefumwa vizuri sana. Cherehani hakijaguswa tangu mafunzo yalipokwisha. Ukimwuliza mama mwenye nyumba, jibu hufanana nyumba hata nyumba: kushona anakupenda, nafasi ndiyo haipo.

Tumezoea kulipokea jibu hilo kama udhuru. Kamati inarudi mezani, inaandika andiko jingine la kuomba vyerehani kumi na mwalimu wa miezi mitatu. Lakini tukitazame tena kile kitambaa. Mama asiye na nafasi alizipata wapi saa za kukifuma? Swali hilo ndilo somo letu la robo hii. Ndani yake kuna fedha za wafadhili, kuna jasho la akina mama, na kuna furaha ya nyumbani ambayo miradi yetu mara nyingine imeizima.

Vipande vya siku

Mama wa Mzinga huamka kabla ya jua. Kuna maji, kuna moto, kuna watoto wa kuandaliwa shule. Kisha shamba, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, magugu hayamsubiri mtu. Akirudi kuna kuni, kuna kufua, kuna mgonjwa wa jirani wa kutazamwa, kuna jumuiya. Jioni kuna ugali. Nafasi inayobaki si saa tatu zilizoungana. Ni vipande: nusu saa maharage yanapochemka, dakika ishirini akimsubiri mtoto amalize kunyonya, saa moja ya mchana mvua inapozuia kutoka.

Kufuma kunaingia katika vipande hivyo. Sindano na uzi hukaa ndani ya mfuko wa plastiki au mkunjo wa khanga. Mtoto akilia, kazi inawekwa chini na haiharibiki. Cherehani kinadai mengine: meza imara, mwanga wa kutosha, sakafu safi ya kukatia kitambaa, na mtoto mdogo asiwe karibu na sindano. Kabla mama hajamaliza kutunga uzi, maharage yameungua.

Bibi zetu walilijua jambo hili bila semina. Fikirini kazi ya ukili, inayojulikana pwani nzima hadi huku kwetu. Makuti machanga ya mkindu, mti unaopenda kandokando ya mito, huanikwa juani, huchanwa chane nyembamba, na zinazotakiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi. Hiyo ni kazi ya kukaa mahali pamoja, nayo hufanywa mara moja kwa siku nyingi. Baada ya hapo kusuka kunabebeka. Mama anasuka akizungumza na wageni, anasuka akisubiri zamu ya maji, na ukili unazidi kurefuka na kuviringwa. Urefu unapotosha, ndipo anapotafuta siku moja ya utulivu ya kuushona uwe mkeka. Yaani kazi ile iligawanywa kufuata maisha ya nyumbani: sehemu ndefu iingie katika vipande vya siku, sehemu inayodai utulivu iwe fupi.

Hata ushonaji wa cherehani unaweza kugawanywa hivyo. Kukata ni kazi ya Jumamosi moja. Kupiga bandi kwa mkono, kutia vifungo, kufunga matundu ya vifungo, kushona pindo na kutarizi ni kazi za vipande vya siku, na binti au mvulana wa darasa la tano anaweza kusaidia. Cherehani chenyewe kinahitajika kwa mishono mirefu tu, labda saa moja jioni. Mafunzo yetu mengi hufundisha nguo nzima mfululizo mbele ya mashine, kana kwamba kila mwanafunzi atakwenda kufungua duka.

Kosa tulilolifanya

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja ambayo hatutaitaja, tulisaidia kikundi cha akina mama kupata kazi ya kushona sare za shule. Mimi ninayeandika nilikuwa miongoni mwa walioisukuma. Vyerehani viliwekwa katika ukumbi, ufunguo ukakaa kwa mwenyekiti, na ukumbi ulifungwa saa kumi na mbili jioni. Sare zilitakiwa mwanzoni mwa Januari. Kazi yenyewe ikaangukia Novemba na Desemba, mvua za vuli zimeanza, mashamba yanangoja, na Noeli iko mlangoni.

Akina mama walikuja asubuhi wakiwa wamewaacha watoto kwa watoto wenzao. Wakashona kwa haraka, wakafumua, wakashona tena. Sehemu ya sare ilichelewa, shule ikanunua dukani, na kitambaa kilikuwa kimechukuliwa kwa mkopo. Kikundi kilibaki na skati za bluu na deni. Katika taarifa tuliandika kwamba changamoto ilikuwa uchache wa vyerehani. Haikuwa kweli. Vyerehani vilitosha, saa ndizo hazikutosha, na hakuna aliyezihesabu.

Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja aliyekuwa akiwashonea wanawe nguo za Pasaka kila mwaka kabla hatujafika na mradi wetu. Baada ya ile kazi alikiuza cherehani chake. Alisema kwamba sauti yake ilikuwa inamchosha.

Sare ya mtoto wako

Tuanzie basi mahali ambapo cherehani cha nyumbani kinafaa kweli. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mwaka 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha 4, na mwaka 2022 ikaendelea hadi kidato cha 6. Sare, viatu na madaftari vimebaki juu ya mzazi. Kila Januari nyumba yenye watoto watatu inanunua, na mtoto anarefuka bila kuuliza hali ya mfuko wa baba.

Hapo ujuzi mdogo unafanya kazi kubwa. Kwanza, kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana kikirudi baada ya kushonwa nguo imepotea. Skati ya tetroni iachiwe pindo la sentimita 8 hadi 10 lililokunjwa ndani, na mishono ya ubavuni iachiwe nafasi, ili mwakani ishushwe na kupanuliwa. Kaptula ya kaki iwekewe kipande cha pili kwa ndani, pale inapokalia, kabla haijachanika na si baada. Kola ya shati ikilika shingoni, ifumuliwe, igeuzwe upande wa pili na kushonwa tena. Shati linapata mwaka mwingine, na kazi hiyo haifiki saa moja kwa aliyeizoea.

Na cherehani kitunzwe. Mafuta yake ni mafuta ya cherehani, si ya kula. Mafuta ya kula huganda na kukikwamisha, na vingi vinavyosemwa vimekufa vimegandishwa tu jikoni kwetu. Sindano namba 14 inatosha kwa tetroni, namba 16 kwa kaki nzito, na namba 11 kwa kitambaa chepesi. Sindano butu huruka mishono, fundi akalaumiwa bure.

Mvulana naye akae hapo. Barazani mwa maduka ya mjini mafundi cherehani wengi ni wanaume, nao wanaheshimiwa. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba kutia kifungo nyumbani ni kazi ya binti peke yake.

Sokoni twende kwa macho

Hatusemi mama asiuze. Tunasema asianze kwa kushindana na mitumba, kwa sababu gauni la mtumba linauzwa kwa bei ambayo haifikii hata gharama ya kitambaa kipya. Afadhali mtumba uwe mali ghafi yake: pazia kuukuu hutoa magauni mawili ya mtoto.

Nafasi za soko huja na kuondoka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, vikapu na mifuko ya vitambaa viliulizwa tena sokoni, mpaka mifuko mbadala ya kiwandani ilipojaa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, barakoa za vitambaa zilishonwa majumbani, na zilipoacha kutafutwa waliokuwa wamejaza makasha walipata hasara. Mama aliyeshona kidogo kidogo kwa vipande vya siku alifaidi mara zote mbili na hakuumia. Huyo ndiye mjasiriamali wetu, ingawa hana bango.

Kitu kimoja kinastahili kusemwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wanakamati wengi ni wanaume na hukipita haraka. Ni taulo za kike za kitambaa. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018/19, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa kuwa bei madukani haikushuka. Binti wa shule anahitaji taulo kila mwezi, bajeti yoyote itakavyosema. Mama mwenye cherehani anaweza kumshonea seti kwa pamba laini inayofyonza, yenye tabaka kadhaa na mabawa ya kufungia kwa kifungo. Lakini kushona ni nusu ya kazi. Taulo hizi zifuliwe kwa maji safi na sabuni, zianikwe juani zikauke kabisa. Nyumba nyingi huzificha chini ya godoro kwa aibu, hubaki na unyevu, na binti anapata maradhi. Kwa hiyo baba naye aambiwe: kamba ya kuanikia ndani ya ua ni sehemu ya mradi.

Cherehani ni cha nani?

Kampuni ya Singer ya Marekani, iliyoanza katika miaka ya 1850, ilitambua mapema kwamba familia ya kawaida haiwezi kulipa bei ya mashine kwa mara moja, ikaanza kuuza kwa malipo ya awamu. Mashine iliingia nyumbani na kulipiwa kidogo kidogo. Walitafuta faida yao, bila shaka. Ila kwetu vyerehani vya msaada vimekuwa mara nyingi vya kikundi, maana yake vya ukumbi, maana yake vya mwenye ufunguo. Tunapendekeza kamati zifikirie njia ya awamu kupitia vikoba vilivyopo: mama achukue cherehani nyumbani, alipe taratibu, na malipo yake yamnunulie mwenzake kingine.

Mkopo wa halmashauri nao upo, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Unakwenda kwa vikundi, kwa hiyo msikimbilie kabla hamjakubaliana nani atashona lini.

Iandikwe pia jina la mwenye mali. Waluguru kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Cherehani hakina desturi. Mume akifariki, ndugu huja kuhesabu vitu vya ndani, na karatasi moja yenye saini ya kamati imekwisha kuzuia ugomvi.

Kwa wafadhili na kwa mkutano ujao

Ndugu wafadhili, fomu zenu zinatuuliza kipato kimeongezeka kwa kiasi gani. Ni swali halali. Lakini shati lililogeuzwa kola halionekani katika safu ya mapato, wala binti asiyekosa shule kila mwezi. Tunawaomba mturuhusu kuongeza safu moja: nyumba haikununua nini mwaka huu kwa sababu ilishona. Matendo ya Mitume, sura ya 9, inasimulia jinsi Dorkasi wa Yafa alipofariki wajane walivyomwonyesha Petro nguo alizowashonea. Walizileta nguo zenyewe mkononi.

Kwa wanakamati, kazi ya robo hii ni ndogo. Kabla ya andiko lolote la vyerehani, wajumbe wawili, mmoja awe mama, watembelee nyumba tano. Wamuulize kila mama jana aliketi saa ngapi, mikono yake ilikuwa inafanya nini alipoketi, na angependa ifanye nini. Waangalie taa, meza, na mahali mtoto anapolala mchana. Kama kuna cherehani kilichofunikwa, waombe kukifunua, wazungushe gurudumu kwa mkono na kuona kama kinakwenda. Chupa ya mafuta na sindano namba 14 wawe nazo mfukoni. Majibu yaletwe kwenye kikao cha robo ijayo pamoja na nguo moja kutoka kila nyumba, iliyoshonwa au kutengenezwa na mama mwenyewe. Ikiwa ni kitambaa cha kroshia tu, kiletwe hicho hicho.