Fedha Yenye Sharti ni Amana

Upimapo uaminifu wa shirika la misaada, usishughulishwe na jumla ya mapato tu katika hesabu zake za mwaka. Angalia kama fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu zimetengwa na zile zisizo na sharti.

Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilizipiga pwani za Bahari ya Hindi, toka Indonesia hadi Somalia. Haikupita muda, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililoanzishwa Paris mwaka 1971, likatangaza kwamba limekwisha kupata ya kutosha kwa kazi yake huko. Watu wasiendelee kulipa kwa jina la tsunami. Wengine katika kazi hiyohiyo walinung'unika, na kwa maoni yangu hawakuwa na haki. Hata hivyo michango ilizidi Yuro milioni 100. Ndipo shirika likawaomba watoaji ruhusa ya kuipeleka ziada penginepo, na asiyeridhia arudishiwe fedha yake. Karibu wote waliridhia. Sehemu ya fedha hizo ikaenda Niger, ambako mwaka 2005 watoto walikuwa wakidhoofu kwa njaa.